Nuru ya Jikoni kwa Kila Mlango



Jiko la nyumba nyingi za mwambao wetu lina zaidi ya mlango mmoja. Mmoja waelekea ukumbini, wa pili watokea uani penye seredani na mapipa ya maji, na baadhi ya nyumba zina wa tatu wa kupandia darini. Lakini swichi ya taa mara nyingi ni moja tu, upande wa ukumbini. Kwani mwenye kuipanga nyumba aghalabu ni mwanamume, naye huingia jikoni kwa mlango huo, tena kwa nadra.

Atokaye uani wakati wa daku, mikono yote miwili imeshika chombo cha moto, hana budi kulikata giza lote ndipo aifikie swichi. Ramadhani moja nyumbani kwetu, mkaza mwana wetu aliteleza juu ya maji yaliyomwagika sakafuni, birika la chai likamwagikia mguu wake. Siku zilizobaki za mwezi alipika akichechemea. Hakulalamika; lakini kunyamaza kwa aliyeungua si ushahidi kwamba nyumba iko sawa.

Baada ya Idi tulimwita fundi wa umeme, akatufahamisha mambo ambayo twaona yawafaa wote. Swichi ya kawaida ina matundu mawili ya kufungia nyaya: umeme huingia hapa na kutokea pale. Taa ikitakiwa iwashwe na kuzimwa penye milango miwili, huhitajika swichi mbili za njia mbili, kila moja yenye matundu matatu. Baina yake hupitishwa nyaya mbili. Swichi zote zikielekea waya mmoja, taa huwaka. Kila moja ikielekea waya wake, taa huzimika. Mlango wa tatu huwekewa swichi ya kati yenye matundu manne, ambayo kazi yake ni kuzipishanisha nyaya hizo mbili. Kwetu kazi yote ilimalizika kwa siku moja.

Lakini ipo hatari ya kuichunga. Wako wafupishao kazi ili kupunguza nyaya, taa ikazimika ilhali umeme umebaki penye kishikio cha balbu. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 240, na sakafu ya jiko haikosi maji. Basi mwenye nyumba amshurutishe fundi kwamba swichi zikate waya wa moto, uitwao laivu, wala si nyutro. Na fundi mwenyewe awe na leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini. Tena ifahamike kwamba, kwa mpango huu, swichi kuelekea juu au chini si dalili ya kuwa umeme umekatwa. Abadilishaye balbu na azime swichi kuu kwanza.

Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha tuzime taa tulalapo, na wanavyuoni wameeleza kuwa sababu yake ni kuichelea nyumba isishike moto. Leo moto wa utambi umetuondokea, lakini israfu imebaki. Swichi ikiwa moja, taa huachwa ikiwaka usiku kucha, kwa sababu hakuna apendaye kuizima kisha arudi akipapasa ukuta. Balbu ya wati 60 ikiwaka kwa saa 8 hula karibu nusu yuniti ya umeme, bila ya kumnufaisha yeyote. Swichi ikiwa penye kila mlango, aingiaye huwasha mbele yake, na atokaye huzima nyuma yake.

Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Basi wenzetu wanaume, kabla Ramadhani haijaingia, muulizeni apikaye: ni mlango gani uuingiao gizani? Kisha msikilizeni mpaka amalize. Anayewaamkia daku watu wote ndiye wa kwanza kustahiki kuona apitapo.

Mola azitie nuru nyumba zetu na awahifadhi wazihudumiao. Amin.