Siku Tatu Mbamba Bay

Kamati ya msikiti wetu ilinikabidhi kazi ya kuandika historia ya ujenzi wake. Miezi sita ikapita. Hapa Mbinga, kila nilipofungua daftari simu iliita: maziko, michango, mgogoro wa ndoa. Mke wangu akasema, "Baba watoto, nenda ziwani ukaandike." Nikateremka kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay.

Nilimkumbuka Imam Ghazali, aliyeiacha Baghdad mwaka 1095 akiihofia nia yake, akajitenga katika mnara wa msikiti mkuu wa Damascus. Nilidhani faragha yenyewe ingeniandikia. Siku ya kwanza, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilihesabu mitumbwi tu.

Siku ya pili, baada ya Swala ya Alfajiri, mzee mmoja mvuvi aliniomba nimsomee nilichoandika. Nikasoma: matofali yalifyatuliwa, maji yalichotwa, msingi ulichimbwa. Akauliza, "Nani alichota maji, mwanangu?"

Nilinyamaza. Kumbe niliandika kama niandikavyo mihtasari ya vikao, kazi zikifanyika pasipo watu. Waliochota maji ni akina mama, ndoo kichwani, na mama yangu mzazi alikuwamo. Nyumbani ningelikimbilia simu. Pale ufukweni swali lile lilikaa nami hadi usiku, taa za wavuvi wa usipa zikielea gizani.

Nilizichana kurasa zote. Nikarudi Mbinga na majina kumi na moja. Bibi mmoja aliye hai akaniongezea manne.