Kiti cha Karani

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wakulima au makarani. Mimi ni karani wa serikali, mwana wa mkulima wa Kisii, nami nafanya kazi Nakuru. Kila nikienda nyumbani kwa likizo hupata nafasi ya kulinganisha maisha ya pande zote mbili, na ninayoyaona hunitia wasiwasi juu yetu sisi tunaokaa vitini. Sitaandika habari za kuchemsha maji, kuchimba choo na kulala ndani ya chandarua, maana hayo tumefundishwa tangu darasa la kwanza, na asiyeyatenda hawezi kusema kwamba hakuambiwa. Naandika habari za shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Ugonjwa huu hauna homa wala upele, na mtu aweza kukaa nao miaka mingi huku akisifiwa kwamba amenawiri.

Baba yangu amekwisha kupita miaka 70. Huamka kabla ya jua, hunywa uji wa wimbi, kisha hushuka bondeni kutazama migomba na kukata majani ya ng'ombe, na kupanda tena na mzigo kichwani. Wanaoijua milima yetu wafahamu kupanda huko kulivyo. Jioni hula ugali wa unga uliosagwa kinuni bila kukobolewa, pamoja na chinsaga au managu, na nyama siku za wageni. Saa tatu ya usiku amelala. Hakuna mtu aliyemfundisha kwamba hayo ni mazoezi ya mwili au chakula bora.

Sasa tumtazame karani. Asubuhi hupanda matatu mlangoni na kushuka mbele ya ofisi. Hukaa kitini mbele ya kompyuta, na akitaka faili humtuma kijana. Saa nne huletwa chai yenye vijiko vitatu vya sukari, na mandazi mawili. Saa saba hula chapati au viazi vya kukaanga, na kabla hajaonja huwa ameshika kikopo cha chumvi. Jambo hili la kutia chumvi kabla ya kuonja lanishangaza sana, kwani hata mpishi mbaya yafaa asikilizwe kwanza. Jioni ni matatu tena, kisha televisheni na simu hata usiku wa manane. Mtu huyu huenda asitembee hata nusu maili kwa siku nzima, na nyumbani kwao huhesabiwa kuwa ndiye aliyefanikiwa.

Wengine hudhani presha ni urithi wa uzee tu. Yafaa wasikie habari iliyotoka kwetu Kisii. Mwaka wa 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akitibu watu katika wilaya iliyoitwa wakati ule South Kavirondo, aliandika katika jarida la matabibu liitwalo Lancet. Alikuwa amepima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000, akaona kwamba halikupanda kwa kadiri ya umri kama lilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Alisema pia kwamba kwa muda wa miaka 2 hivi, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya juu. Hao ndio babu zetu.

Halafu, mwaka wa 1990, jarida la British Medical Journal lilitangaza uchunguzi wa Dk. Poulter na wenzake. Hawa waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kukaa Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Damu ya waliohamia mjini ilikuwa na shinikizo la juu zaidi, na tofauti hiyo ilianza kuonekana katika miezi ya kwanza. Uzito wao ulikuwa umezidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi nyingi na kupungukiwa na potasiamu, madini yapatikanayo katika mboga, ndizi na maharagwe. Kabila lilikuwa lile lile na damu ile ile. Kilichogeuka ni sahani na mwendo wa siku.

Katika ofisi yetu alikuwako karani mkuu wa miaka 46, mtu mcheshi na hodari wa hesabu. Siku moja baada ya chai ya saa nne kalamu ilimtoka mkononi, mdomo ukaenda upande, na maneno yakakosa maana. Kilikuwa kiharusi. Kwa kuwa alikuwa amepandishwa cheo mwezi uliotangulia, wengi walinong'ona kwamba amerogwa na wenye wivu, na ndugu zake walipoteza siku kadhaa wakimtafuta mganga wa kutegua. Daktari aliyempima alikuta 200 kwa 120. Mke wake alisema kwamba hakupata kupimwa hata mara moja, maana hakuumwa kamwe. Leo yuko nyumbani, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na mwanawe mkubwa ameacha chuo.

Baada ya msiba huo niliketi na mke wangu tukapanga namna ya kuishi. Jambo la kwanza lilikuwa miguu. Jioni hushuka matatu mapema na kutembea nusu saa hadi nyumbani, siku 5 kwa juma. Hizo ni dakika 150, nacho ndicho kipimo cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hushauri kwa mtu mzima. Hakinigharimu kitu, isipokuwa soli za viatu. Mwaka wa 1953 Dk. Jerry Morris alionyesha katika jarida lile lile la Lancet kwamba makondakta wa mabasi ya London, waliopanda na kushuka ngazi za ghorofa mchana kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Basi lilikuwa moja.

Chumvi ndiyo iliyoleta maneno. Shirika hilo lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vikolezo vya pakiti. Tulipoondoa kikopo mezani, shemeji yangu alidhani tumekuwa wachoyo. Juma mbili chakula kilikuwa kama majani matupu, kisha ulimi ukazoea. Sasa ndimu, kitunguu na dania vyatutosha. Kuhusu sukari tulipiga hesabu tu: shirika lashauri isizidi gramu 50 hivi, sawa na vijiko 12, na ikiwezekana nusu yake. Vikombe vinne vya vijiko vitatu vimekwisha maliza kipimo chote kabla ya soda. Mahindi twanunua kwa debe na kuyasaga na wimbi kidogo.

Mama aliponiona Agosti alinishika mkono akaniuliza, “Mwanangu, mbona umekonda hivi? Je, serikali hailipi siku hizi?” Nilimweleza kwa adabu, lakini naona hakuridhika. Mbele ya macho yake kitambi ni cheti cha mshahara.

Wala mkulima asitucheke. Maziwa, mayai na mboga zauzwa sokoni, na fedha zarudi na mkate mweupe na soda, na siku hizi kijana akitumwa dukani hupanda bodaboda. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 katika Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamepata kupimwa maishani.

Kupimwa ni kazi ya dakika chache. Keti kwanza dakika 5, mgongo ukiegemea na miguu ikikanyaga sakafu, usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyopita, na mkono uwekwe juu ya meza sawa na moyo. Usizungumze. Ikiwa hesabu ni 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena, na ikibaki hivyo fuata maagizo ya daktari, wala usiache dawa kwa kuwa umejisikia vizuri. Mimi huandika tarakimu zote mbili na tarehe katika daftari dogo. Baba ameniagiza nimletee daftari lake nitakapokwenda Desemba, naye amechagua jalada la bluu.