Mistari Miwili, Mchoro Mmoja

Wenzangu huandika juu ya baridi na kodi ya nyumba. Mimi niruhusuni niandike juu ya mchoro ulioninyima usingizi wiki nzima.

Utafiti wangu ni wa wagonjwa wanaotumia ARV kwenye zahanati mbili za kwetu. Ya kwanza, anakofanya kazi mama yangu mdogo, ina kumbukumbu za miaka 5. Ya pili ilifunguliwa baadaye, ina miaka 2 tu. Kila moja nikaichorea mstari wa uhai, ile njia ya Kaplan na Meier ya mwaka 1958: mstari unaanzia juu, asilimia 100, na kila anapofariki mtu unashuka ngazi.

Kazi ikaja kuiunganisha. Natumia R, maana ni ya bure (mwanafunzi atanunua nini?). Nikachora wa kwanza, nikaandika par(new=TRUE), nikachora wa pili juu yake. Ukatoka mchoro safi kabisa, nao ukaonyesha kwamba kwa mama mdogo watu wanakufa zaidi. Jamani! Mama huyu huwafuata wagonjwa majumbani kwa baiskeli.

Siku ya tatu ndipo nikatazama namba za chini. Zimerundikana, moja juu ya nyingine. Kumbe amri ile haiunganishi kitu, inabandika karatasi juu ya karatasi, na kila mchoro unakuja na kipimo chake. Miaka 2 ilikuwa imevutwa ikajaza upana wa miaka 5.

Dawa yake ni nyepesi mpaka inaudhi. Weka data zote kwenye jedwali moja, safu moja iwe ya jina la zahanati, iambie survfit itenganishe kwa safu hiyo, chora mara moja. Au chora mrefu kwanza, wa pili uongeze kwa lines(). Nilijaribia ile data ya saratani ya mapafu inayokuja na kifurushi cha survival, wagonjwa 228: muda wa kati wa kuishi siku 270 kwa wanaume, 426 kwa wanawake. Ikakubali.

Nikarudia ya kwangu. Hadi mwaka wa 2 mistari inakwenda bega kwa bega.

Nikamtumia mama mdogo. Akapiga simu: "Mwanangu, hivi vialama juu ya mstari ni nini?"

Nikamwambia ndipo tulipoacha kumhesabu mtu akiwa bado hai, wengine waliacha kuja kliniki, hatujui walipo.

"Hamjui nyie," akasema. "Wawili wamehamia Tanga kwa watoto wao."