Vitambaa Miguuni

Kuku wa mtaa wetu walikamatwa mwezi wa kumi mwaka 1984, mimi nikiwa na miaka 11. Mji wenyewe ulikuwa mdogo: kituo cha treni kwenye reli ya kati, barabara moja ya maduka, soko, na nyumba za udongo zilizojaa mpaka ukingoni mwa korongo. Kila nyumba ilikuwa na kuku. Yetu ilikuwa na kumi na wanne, ukiacha vifaranga, ambao bibi alikataa kabisa wasihesabiwe, kwa kuwa mwewe naye alikuwa na hesabu yake.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mwembe wa ofisi ya halmashauri tangu masika. Marufuku kuacha kuku wazurure. Mwenye kuku ajenge banda. Banda lisiwe karibu na jiko wala kisima. Halmashauri za miji zilikuwa zimerudishwa mwaka 1978, baada ya kufutwa wakati wa sera ya Madaraka Mikoani, na sheria ya 1982 ikazipa nguvu ya kutunga sheria ndogo. Nguvu hiyo ikatufikia kwa mlango wa kuku.

Bwana afya simlaumu kwa yote. Kipindupindu kilikuwa kimeshawatia watu hofu tangu miaka ya sabini, na kinyesi cha kuku kwenye sufuria si kitu cha kutetea. Ila aliyeandika lile tangazo alikuwa na kuku wake kichwani, yule wa kufungiwa na kulishwa. Kuku wetu alitoka alfajiri, akachakura jalalani, akadonoa mchwa na makombo, magharibi akarudi mwenyewe. Ukimfungia, tumbo lake ni juu yako.

"Bwana afya," mama alimwambia siku moja alipopita na baiskeli yake, "pumba zenyewe tunazichekecha mara ya pili tupate uji. Hao kuku nitawapa nini?"

"Mama, mimi nimetumwa."

"Basi waambie waliokutuma."

Mgambo walikuja asubuhi, na matenga na vyandarua vilivyotoboka. Nilitoroka shule kwenda kuangalia, na hadi leo sijaona kichekesho kama kile: watu wazima wenye virungu wakizunguka mnazi mmoja wakimfuata jogoo. Kufika saa sita walikuwa wamewajaza kuku wa mtaa mzima katika ghala tupu nyuma ya ofisi, hatua chache kutoka kwetu. Usiku tulisikia majogoo wakipigana humo gizani.

Siku ya nne tukaitwa kuwakomboa. Faini ya kuku mmoja ilikaribia bei ya kuku mwenyewe, lakini kina mama walichanga, wakakopa, wakaja. Karani akauliza, sasa wa nani ni yupi? Mama akajibu kwa kujiamini: wangu wana kitambaa mguuni, kanga ya bluu yenye korosho. Jirani wa kushoto akasema, hata wangu. Wa nyuma, hata wangu. Mwaka ule kulikuwa na harusi mtaani, na wote walikuwa wamenunua sare moja. Kanga zilipochakaa, kila mmoja alichana vipande vyake akafunga kuku. Karani alitazama ile miguu yote yenye bluu, akaweka kalamu chini.

Bibi ndiye aliyemaliza shauri. "Ngojeni magharibi, muwafungulie. Kuku anajua kwao."

Nao wakafanya hivyo. Jua lilipoanza kuzama, ofisi iliyokataza kuku wasizurure ikafungua mlango wa ghala, na kuku wote wakatoka wakipepesuka kwa njaa, wakapita katikati ya barabara, wakagawanyika vichochoroni bila kuelekezwa. Bwana afya alisimama pembeni ameshika baiskeli, hakusema neno. Kumi na mmoja wa kwetu walifika. Wale wawili sijui waliliwa na nani.

Siku kama tano baadaye jogoo wetu alijikunyata, mabawa yameshuka. Kesho yake shingo ikapinda, mavi yakawa ya kijani. Kideri. Kuku mmoja tu akiwa na ugonjwa huo, kuku wa nyumba ishirini wakachanganywa kwenye hewa moja na debe moja la maji, ni kama umeupeleka mlango kwa mlango. Siku hizi kuna chanjo ya I-2 inayovumilia joto, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu hivi. Wakati ule chanjo ilitaka barafu, na jokofu mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nalo. Tulichimba shimo karibu na korongo, na watoto tukapewa kazi ya kufungua vile vitambaa kabla ya kufukia. Mama hakutaka kanga yake izikwe.

Wa kumi na nne hakuwahi kukamatwa. Alikuwa kishingo, anaatamia mayai tisa chini ya kitanda cha bibi siku mgambo walipokuja, na wenzake waliporudi bibi alimzuia asitoke. "Hao wametoka safari," alisema, akaegemeza ubao mlangoni na kumpelekea maji kwa kifuu. Alitotoa saba. Wiki hiyohiyo majirani wakaanza kupita jioni, wakimsalimia bibi kwa adabu ambayo hatukuizoea, wakiuliza kama kuna tetea atakayepatikana, na bibi akawa anawaandika kichwani kwa zamu.