Kutafuta Badala

Tunapotaja utamaduni, wengi wetu hukumbuka ngoma, mavazi na masimulizi. Ufundi husahauliwa, ingawa ndani yake mna adabu za kufikiri zinazorithishwa kama zilivyo mila nyinginezo. Mojawapo ni adabu ya kutafuta badala. Mimi niliipata Uingereza, katika karakana iliyotengeneza mashine kongwe za michezo, zile zinazochezwa kwa kutumbukiza sarafu.

Tuliletewa mashine ya Missile Command, mchezo uliotolewa na kampuni ya Atari ya Marekani mwaka 1980. Mchezaji huviringisha tufe kwa kiganja ili kuelekeza shabaha kwenye kioo na kuilinda miji sita dhidi ya makombora. Tufe hilo huzungusha vijiti viwili, na kila kijiti kina kisahani chenye mianya. Upande mmoja wa kisahani ipo taa ndogo ya mwanga usioonekana na binadamu, uitwao infraredi. Upande wa pili yapo macho mawili ya umeme, yaliyopangwa ili moja liuone mwanga kabla ya jingine. Kwa kutazama lipi limetangulia, mashine hujua tufe limekwenda upande gani.

Katika mashine ile jicho moja lilikuwa limekufa. Shabaha haikwenda kushoto wala kulia. Ilitetemeka tu pale pale. Jicho la asili halikupatikana, na mwenye mashine alikwisha kuamua kwamba tukishindwa ataing'oa mitambo yote, abakize sanduku.

Kijana mmoja alileta jicho la kadimiamu salfaidi, ambalo ukinzani wake hupungua linapopata nuru. Jina lilifaa, tabia haikufaa. Jicho la namna hiyo huona vizuri mwanga tuuonao sisi, si infraredi. Tena ni zito, huchukua makumi ya milisekunde kutambua kwamba nuru imekuja au imeondoka, na mianya ya kisahani haimngoji mtu.

Basi tukajiuliza: ni chombo gani kingine kifanyacho kazi hii hii? Jibu lilikuwa kapuni mwa takataka: kipanya cha kompyuta cha zamani, kile chenye gololi tumboni. Ndani yake mna visahani vyenye mianya, taa za infraredi, na transista za mwanga zilizo nyepesi kama tulivyotaka. Macho yake yalikuwa mawili katika ganda moja, tukatumia moja. Tukapima miguu yake, tukabadili rezista moja kwa kuwa usikivu ulitofautiana, kisha tukalilehemu mahali pake. Shabaha ikaenda kushoto na kulia.

Badala, kwa hiyo, hutafutwa kwa kazi, si kwa jina wala kwa sura. Asiyejua kifaa kinafanya nini hana la kufanya ila kungoja kipuri au kutupa chombo kizima. Wahenga walituonya tusitupe mbacha wetu kwa msala upitao. Nawasihi walimu wenzangu katika malezi: kabla chombo cha maabara hakijatupwa, wanafunzi na waulizwe kwanza kilikuwa kikifanya kazi gani, na kazi hiyo inafanywa na nini kingine.