Usinawe petroli, mshikaji!

Msomaji wangu, ukiletewa kadi ya mchango wa harusi, macho yako yanakimbilia kwenye kiasi. Mimi naangalia wino. Nilipomaliza kidato cha nne na kuanza kuhesabu nguzo za umeme mtaani, nilipata kibarua cha miezi minane kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Kariakoo, jina silitaji. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuosha mashine.

Mashine ya ofseti ina rola nyingi za kusambaza wino, na mpira mpana, mafundi wanauita blanketi, unaopokea maandishi kutoka kwenye pleti na kuyabandika kwenye karatasi. Ukitoka rangi nyekundu kwenda njano, vyote lazima vitakate. Sisi tulitumia matambaa na petroli, mikono mitupu, chumba hakina hata feni. Jioni kichwa kinagonga, na kwenye daladala jirani anakusogea kando. Nilipoomba glovu, bosi akaniuliza kama nimekuja kazini au hospitali.

Sasa sikia ya Japani. Kwenye kampuni moja ya uchapaji jijini Osaka, hadi kufika 2013 wafanyakazi 17 walikuwa wamegundulika na saratani ya mirija ya nyongo, wengi wao watu wa makamo na vijana. Walikuwa wakifuta blanketi kwa dawa yenye dikloropropani, ndani ya chumba kisichopitisha hewa vizuri. Mwaka 2014 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wakaitangaza kuwa inasababisha saratani. Petroli si dawa hiyo, sawa, lakini ina benzini, ambayo inaleta saratani ya damu. Hapo bado hujazungumzia cheche ya swichi!

Wenzetu wameshavumbua dawa ya tatizo. Mashine mpya, kama za Heidelberg, zinajiosha zenyewe: unabonyeza kitufe, fundi hagusi kitu. Bei yake usiulize. Lakini glovu, dirisha wazi, ndoo ya matambaa yenye kifuniko na dawa maalumu isiyoruka hewani haraka havihitaji mamilioni. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo, siyo hisani ya bosi.

Kuna na hili la uzito wa wino. Wino ukiwa mzito, fundi anamimina petroli kwa macho tu, mvuke unaongezeka na rangi inapauka. Wanaochapa vifungashio kwa wino mwepesi wana kikombe kidogo chenye tundu chini, kinaitwa Zahn. Unachovya, unainua, unahesabu sekunde mpaka mchirizi ukatike. Sekunde nyingi, wino mzito. Basi! Ila angalia joto: wino wa asubuhi na wa saa nane mchana hapa Dar ni vitu viwili. Wino wa ofseti ni mzito kama mgando, haupiti kwenye kikombe hicho. Una vipimo vyake.

Kwa hiyo wewe unayeosha rola leo, glovu kwanza, posho baadaye. Kariakoo wanauza spea za kila kitu, lakini spea ya ini sijaiona bado.