Mikwaruzo ya miba, gari la mjomba na mashine ya kupiga polishi

Najua nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa nang'arisha gari. Ndiyo, gari! Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika programu, na ambaye mpaka juzi sikujua tofauti kati ya nta na polishi.

Kwa hiyo leo hakuna habari za databesi. Nataka kuwaeleza jinsi ya kuchagua mashine ya umeme ya kuondolea mikwaruzo midogo kwenye rangi ya gari. Nilikosea mara moja, na kosa hilo bado liko kwenye boneti. Litakaa pale mpaka gari lipakwe rangi upya.

Gari lenyewe ni Toyota Fielder, buluu iliyokoza, mali ya mjomba wangu hapa Kakuma. Kwa miaka mingi limebeba abiria kati ya Kakuma na Lodwar, safari ya kilomita 120 hivi. Karo yangu ya miaka miwili ya mwisho chuo kikuu ilitoka kwenye nauli za viti vile. Mwaka huu binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na mjomba akaamua kuliuza. Mnunuzi wa kwanza alitoka Lodwar. Alilizunguka mara mbili, akapitisha kidole mlangoni, akasema, "Mzee, hii imekwaruzwa kila mahali. Punguza elfu sitini."

Elfu sitini! Mjomba hakujibu. Jioni akaniita. "Wewe umesoma mashine. Hii mikwaruzo haitoki?"

Nikasema inatoka. (Hapo ndipo nilipoanza kukosea.)

Mikwaruzo inatoka wapi?

Kwenye lami gari halipati mikwaruzo hii. Inatoka kwenye njia za kuingia vijijini, ambako mathenge, ule mti wa miba ambao Waturkana huuita etirae, umefunga njia pande zote mbili. Ukipishana na lori, unaingia kwenye miba. Kisha kuna vumbi. Maji ni shida, basi madereva wengi hufuta gari kwa kitambaa kikavu, na vumbi lile ni mchanga laini. Unakuwa unapiga msasa gari lako kila asubuhi! Liangalie juani: utaona mistari midogo ya duara kama utando wa buibui.

Ipi inatoka, ipi haitoki

Magari mengi ya kisasa yana tabaka juu ya rangi, lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Kwa kawaida unene wake ni kama maikromita 40 hadi 50. Unywele wa binadamu una kama 70. Yaani kinga yote ya rangi ni nyembamba kuliko unywele.

Polishi haijazi mkwaruzo. Inachofanya ni kula klia ya pembeni mpaka iwe sawa na sakafu ya mkwaruzo. Kila ukipitisha mashine unatumia akiba ambayo hairudi. Kwa hiyo pima kwanza: pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, uache. Usiponasa, kuna matumaini.

Pima na jambo la pili. Sugua mahali padogo, pasipoonekana, kwa polishi kidogo na kitambaa cheupe. Kitambaa kikipata rangi ya gari, basi gari hilo halina klia na unasugua rangi yenyewe. Hutokea, hasa kwenye magari meupe. Letu lilikuwa na klia.

Kosa langu

Nina rafiki fundi wa bodi. Akaniazima grainda yake, ile ya kukatia vyuma, akaifunga sponji badala ya jiwe. "Hii ndiyo tunatumia," akasema. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeangalia video mbili, nikajiona mtaalamu.

Kitu ambacho sikukiangalia ni kibandiko cha mashine. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mashine ya polishi ya mzunguko wa kawaida hufanya kazi kati ya 600 na 3,000. Tena ilikuwa saa saba mchana na boneti ilikuwa haishikiki kwa joto. Nikapita sehemu ya bapa, ikang'aa, nikafurahi. Nikafika kwenye mkunjo wa boneti, pale klia inapobanwa na ukingo wa sponji, nikasita sekunde mbili, tatu...

Nikasikia harufu. Nilipoinua mashine kulikuwa na doa lisilong'aa, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Klia ilikuwa imeisha.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakupaza sauti. Aliliangalia doa, akaniangalia mimi, akasema, "Kwenye kompyuta ungefuta. Hapa utafuta nini?"

Usiku ule sikulala vizuri. Mtu aliyenisomesha kwa gari lile, nami nimelipunguzia thamani siku ile ile niliyoahidi kuiongeza.

Mashine ziko aina tatu

Nilichopaswa kufanya mwanzo nikakifanya mwisho: nikasoma. Kwa kifupi:

1. Mashine ya mzunguko mmoja. Sponji huzunguka kwenye ekseli moja tu, kama feni. Inakata haraka na mafundi wenye uzoefu huipenda. Lakini ukisita mahali pamoja, joto linapanda na klia inaondoka. Isitoshe, ukiishika vibaya inaacha michoro yake yenyewe, kama kivuli cha mistari kinachoonekana juani.

2. Mashine ya mizunguko miwili, ambayo wauzaji huiandika kwa herufi mbili tu, DA. Sponji inazunguka, na wakati huo huo kituo chake kinayumba katika duara dogo, lenye kipenyo cha milimita 8, 15 au 21 kutegemea mashine. Jambo kubwa ni hili: sponji haifungwi moja kwa moja kwenye mota. Ukikandamiza sana au ukigonga ukingo, inaacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka tu. Haiwezi kuchoma rangi kirahisi.

3. DA ya gia. Inayumba kama ya pili, lakini gia zinailazimisha kuzunguka hata ukikandamiza. Ina nguvu kuliko ya pili na ni salama kuliko ya kwanza, ila joto lake si la kuchezea.

Ndugu msomaji, ukiniuliza mimi mwanagenzi mwenzako, chukua ya pili. Wengi wanailalamikia kwamba ni ya polepole na kwamba inasimama ukiikandamiza. Kwangu mimi kule kusimama ndiyo sababu ya kuinunua. Sisi waandishi wa programu tunajua mfumo mzuri ni ule unaokataa kuendelea mambo yanapoharibika, badala ya kuendelea kuharibu. Kasi tafuta baadaye, ukishajua mkono wako.

Yumbo kubwa la milimita 21 hufagia eneo kubwa haraka, lakini kwenye mikunjo husimama mara kwa mara. Fielder imejaa mikunjo, basi nikachagua milimita 15 na sahani ya inchi tano. Nikaipata Nairobi, iliyotumika, ya wati 720, ikaletwa kwa basi.

Usisahau umeme

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotuacha sisi wa huku. Ziko mashine za bei nafuu zinazotoka Marekani. Hizo ni za volti 120, na Kenya tunatumia 240. Bila transfoma utaiunguza siku ya kwanza. Soma kibandiko!

Za betri je? Piga hesabu. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Mashine inayovuta wati 300 itaimaliza kwa dakika 18. Utahitaji betri tatu au nne, na betri ndizo ghali.

Mimi nyumbani nina laini ninayouziwa na jirani mwenye jenereta, ya taa na kuchajia simu tu. Kwa kazi yangu nina sola na betri ya gari kubwa, volti 12, ampea-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi usiitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Zinabaki 600. Mashine ya wati 720 ikivuta nguvu yake yote, ni dakika 50, na ukitoa zinazopotea kwenye inveta, kama 40.

Sasa tazameni mtego. Jua linalochaji betri ndilo linalochoma boneti. Polishi kwenye bati la moto hukauka kabla haijafanya kazi, na upepo wa mchana unaleta vumbi linalokwaruza upya. Kwa hiyo kazi ni alfajiri, kabla ya saa moja na nusu, kwa umeme wa jana. Dakika 40 kila siku, kipande kimoja cha gari kila siku: leo mlango, kesho mlango mwingine. Mnaona sasa kwa nini nimekuwa kimya mwezi mzima?

Nilivyofanya

Osha gari kwa maji mengi kadiri unavyoweza. Kwetu yalikuwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Funika plastiki na raba kwa utepe wa karatasi. Chora mstari wa kalamu ukingoni mwa sahani ya mashine, ili uone kama bado inazunguka au inatetemeka tu. Kisha jaribu sehemu ndogo, nusu mita kwa nusu mita, kwa sponji laini na polishi laini kabisa. Ikishindwa ndipo upande ngazi moja. Usianze na kali.

Pita polepole, mara nne au sita, kwa kukatiza: kwanza kwenda na kurudi, kisha juu na chini. Halafu futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Hatua hii wengi huiruka. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kukudanganya kwamba imetoka. Baada ya kuoshwa mara kadhaa yote inarudi, na wakati huo gari liko kwa mnunuzi. Rafiki yangu fundi alinishauri niache mafuta yale yale yafanye kazi. Nikamwambia mjomba, akatikisa kichwa. "Huyo mtu wa Lodwar nitakutana naye tena barabarani," akasema.

Matokeo? Utando wa buibui uliondoka karibu wote. Mistari mirefu ya miba ilipungua, na ile minane iliyonasa ukucha niliiacha kama ilivyo. Doa la boneti lipo.

Mnunuzi alirudi. Mjomba mwenyewe akampeleka kwenye doa kabla hajaliona, akasema, "Hili ni la kijana wangu, alikuwa anajifunza." Wakabishana, wakanywa chai, bei ikapungua elfu kumi na tano badala ya sitini. Ukitoa gharama ya mashine, sponji na polishi, faida si kubwa kama nilivyoota. Lakini ada ya muhula wa kwanza imelipwa, na mashine imebaki. Mpwa mwingine wa mjomba ameshaniuliza kama anaweza kuwafanyia madereva wa stendi. Nimemwambia sharti moja: kabla ya gari la mtu, atafute boneti kuukuu kwa fundi, ajifunzie hapo.

Mimi sikufanya hivyo. Jana gari liliondoka kwenda Lodwar, na nililipungia mkono. Jua lilipiga boneti, na kitu pekee nilichoweza kukiona kwa mbali ni lile doa langu.

Haya, tukutane tena wiki ijayo, nitarudi kwenye databesi. Kama una mashine ya aina nyingine na imekufaa, tuambie.